Noah ya zamani: kipozeo cha oili ya gia boksi kimetobokea ndani ya rejeta, tiba sahihi ni ipi?

Noah_Kimara

Habari za leo wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua gia boksi za otomatiki.

Gari ni TownAce Noah SR40 ya mwaka 1999, injini 3S-FE, otomatiki, lipo Dar. Maji ya rejeta yamegeuka rangi ya waridi na juu yanaelea mafuta. Dipstiki ya injini haina shida, oili ni ya kawaida. Ya gia boksi ndiyo imeharibika: oili imepauka na kuwa nzito kama mtindi wa strawberi. Gari lilikuwa linatumia maji ya kisima, hakuna kulanti. Gia zilikuwa bado zinaingia vizuri lilipozimwa, na halijawashwa tena.

Rejeta ni ile yenye matangi ya plastiki na aluminiamu katikati. Ushauri unagongana. Kuna anayesema itolewe ikachomelewe, kuna anayesema kipozeo cha ndani kiachwe kifungwe cha nje. Kipi ni sahihi, oili ya kusafishia ni lita ngapi, na hii gia boksi inaokoka kweli?

Gia_Laini

Pole mkuu. Kuzima mapema ndiko kunakoipa gia boksi nafasi. Lisiwashwe hata kwa kulisogeza tu. Liwekwe N lisukumwe.

Jua kwanza kilichotokea, maana ndicho kinachoamua mpangilio wa kazi. Ndani ya tangi la chini la rejeta kuna bomba la metali ambamo oili ya gia boksi inapita huku maji ya rejeta yakilizunguka. Injini ikiwaka, oili inasukumwa kwa presha kubwa kuliko ya maji, hivyo kwenye tundu ni oili inayotokea kwenye maji. Ukizima, presha ya oili inaisha papo hapo, lakini maji bado ya moto na yamebanwa na mfuniko wa rejeta (angalia juu ya mfuniko, Toyota nyingi zimeandikwa 0.9 au 1.1). Hapo maji nayo yanaingia gia boksi. Ndiyo maana gari la safari fupifupi, linalozimwa kila kituo, hujaza maji kwenye gia boksi haraka kuliko la safari ndefu.

Maji yakiingia, ile bitana ya karatasi kwenye sahani za klachi inavimba na kuanza kumomonyoka. Glaikoli ya kwenye kulanti ni mbaya zaidi kwa sababu inakula gundi inayoishika bitana kwenye chuma. Kwako kulanti haikuwepo, kwa hiyo gundi ina nafasi nzuri zaidi ya kupona, ingawa kukosa kulanti huko huko ndiko kulikotoboa kipozeo. Maji ya visima vya Dar mengi yana chumvi, na bila dawa ya kuzuia kutu metali inaliwa taratibu kwa ndani hadi itoboke.

Kuchomelea achana nako. Tangi la plastiki limekunjiwa meno ya aluminiamu; ukiyafungua na kuyakunja tena mara nyingi linaanza kuvuja pembeni. Na hata kipozeo kikitolewa, palipoliwa na kutu ukiziba tundu moja jirani yake lipo njiani. Rejeta ibadilishwe nzima.

Kabla hujanunua, thibitisha. Toa mipira miwili ya oili kwenye rejeta, ziba mdomo mmoja, mwingine upulizie hewa ya kompresa bar 1 hadi 1.5, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi na maji yamejaa hadi shingoni. Mapovu yakipanda shingoni, jibu umepata. Usizidishe presha, utaharibu ushahidi. Kipimo cha oili ni rahisi pia: dondosha tone moja juu ya bati la moto. Oili safi inafuka moshi tu, yenye maji inachachatika na kuruka. Kaa mbali na uso.

Sasa kazi yenyewe, na mpangilio wake una maana. Upande wa maji usafishwe kwanza gia boksi ikiwa imetengwa kabisa, halafu ndiyo uje kwenye oili. Wengi wanafanya kinyume, wanamwaga oili mpya ghali, kisha wanawasha injini kusafisha rejeta ile ile mbovu na maji yanarudi tena kwenye gia boksi.

Kutenga gia boksi ni hivi: zile paipu mbili za chuma zinazotoka gia boksi ziunganishe kwa kipande kimoja cha mpira wa oili na klempu mbili, oili izunguke yenyewe bila kupita kwenye rejeta. Usizizibe kamwe. Kwenye gia boksi nyingi oili inayorudi kutoka kwenye kipozeo ndiyo inayolainisha bushi na beringi, ukiziba unaziua kavu. Na kwa kuwa kuwasha kunazungusha oili chafu, mwaga kwanza sampu (beseni la oili chini ya gia boksi) na ujaze oili ya bei nafuu ya aina ile ile kwa kipimo kile kile kilichotoka. Hiyo ni ya kupotea.

Ukisha tenga, mwaga maji yote, toa thamostati, jaza maji safi na dawa ya kusafishia rejeta inayoondoa mafuta. Ukiikosa, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kama mililita 50 tu kwa mfumo mzima, zaidi ya hapo povu litakusumbua kutwa. Rejeta kuukuu ibaki humo wakati wa kuosha, uchafu uishie kwake. Washa injini ikiwa kwenye silensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) dakika 10 hadi 15, hita zote zikiwa kwenye moto wa mwisho. Noah nyingi zina hita ya mbele na ya nyuma. Ile ya nyuma husahaulika, na mafuta yaliyolala humo yanarudi kuchafua rejeta mpya wiki inayofuata. Gari likipoa mwaga, rudia hadi maji yatoke bila utelezi ukiyasugua kati ya vidole. Mara tatu au nne ni kawaida.

Mipira ya maji uibinye yote. Oili ya gia boksi inalainisha na kuvimbisha mpira usiotengenezwa kwa mafuta. Ukibonyea kama sifongo karibu na klempu, au ndani umeanza kunata, badilisha. Kwenye Noah injini iko chini ya viti vya mbele na rejeta iko mbele kabisa, hivyo mipira na paipu ni ndefu. Mmoja ukipasuka barabarani maji yote yanakwisha kabla mshale wa joto haujakuonya vizuri.

Karakana_Uyole

Naunga mkono mpangilio huo. Naongezea upande wa kununua rejeta.

Rejeta ya manyuo na ya otomatiki za Noah zinafanana sura. Ya otomatiki ina midomo miwili ya oili kwenye tangi la chini. Mwenye duka akikwambia "ni ile ile tu", geuza uangalie mwenyewe. Ukichukua mtumba wa Japani, omba ijaribiwe hapo hapo dukani: ziba mdomo mmoja wa oili, pulizia mwingine, tangi la chini likiwa limezama kwenye ndoo ya maji. Mapovu yakitoka kwenye mdomo wa mpira wa maji, kipozeo chake nacho kimekufa. Ikikubali, bado uangalie rangi ya plastiki. Iliyogeuka kahawia na kukauka pale juu unapoingia mpira wa maji ya moto haina maisha.

Wakati wa kufunga ndipo wengi wanaua rejeta mpya. Midomo ile ya oili imeshikwa na nati kwenye plastiki, na kwa ndani imeungwa kwenye kipozeo. Kama paipu yako inafungwa kwa nati, shika kwa spana mbili, moja izuie nati ya rejeta isizunguke na nyingine ikaze. Ukikaza kwa spana moja, mdomo mzima unazunguka, unapasua kiungo cha ndani, na umerudi ulikotoka. Kama ni mpira na klempu, kazi ni rahisi, ila hakikisha mpira umevuka ule uvimbe wa mwisho wa bomba na klempu imekaa nyuma ya uvimbe, si juu yake.

Maji ukiyakuta yanadondoka nje kwenye hiyo nati huku oili na maji havijachanganyika, hapo si kipozeo. Ni oringi ya mdomo, na inabadilika peke yake.

Kuhusu kipozeo cha nje pekee, nina wasiwasi nacho kwa gari linalopanda huku nyanda za juu. Kile cha ndani ya rejeta hakipozi tu. Asubuhi ya Juni huku Mbeya au Makambako maji ya injini yanapata moto kabla ya oili ya gia boksi, na ndiyo yanayoipasha. Oili ikibaki baridi na nzito, gia zinachelewa kubadilika na overdrive (gia ya juu kabisa) haiingii mapema. Kwa Dar pekee utaishi bila hicho. Kwa gari linalosafiri, weka rejeta mpya yenye kipozeo chake, na kama kuna mzigo ongeza cha nje kwa mfululizo: oili itoke gia boksi, ipite rejeta, ipite cha nje, ndiyo irudi.

Noah_Kimara

Asanteni sana wakuu, nimepata mwanga. Kompresa imethibitisha, mapovu yamepanda shingoni. Nimeamua rejeta mpya na kipozeo kidogo cha nje, maana gari linabeba abiria saba na mizigo kwenda Morogoro. Maswali mawili: mpira wa petroli unafaa kwenye oili? Na cha nje kikae wapi?

Kirinyaga_Spares

Boss, mpira wa petroli hapana, na ule wa heater hapana kabisa. Wa heater unavimba na kuchomoka ukiwa moto. Wa petroli unaonekana sawa mwanzoni, lakini joto la oili ya gearbox linaukausha hadi unapasuka kwenye clamp. Omba mpira wa transmission wenye maandishi SAE J1532 ubavuni. Pima bomba kwa vernier kabla hujaenda dukani. Toyota nyingi ni mm 8, lakini usinunue kwa kukisia. Mpira wa mm 10 ukibanwa kwenye bomba la mm 8 utavuja tu, hata ukaze namna gani. Nunua mita mbili, ukate mwenyewe kwa kisu kikali, si kwa hacksaw, kwa sababu vumbi la mpira linaingia moja kwa moja kwenye gearbox.

Cooler ya nje ikae mbele ya condenser ya AC, juu kiasi, mahali fan inavuta hewa. Acha nafasi ya kidole kati yake na condenser. Zile kamba za plastiki za kupitisha katikati ya mapezi usitumie. Gari likitetemeka zinasaga bomba la condenser, na utapoteza gesi ya AC kwa kuokoa shilingi mia mbili. Tengeneza bracket mbili za bati la mm 2, uzifunge kwenye chuma cha radiator support kwa bolt za mm 6 na mpira katikati.

Midomo itazame juu au pembeni. Ikitazama chini, hewa inabaki juu ya cooler na nusu yake haifanyi kazi. Chagua aina ya sahani zilizopangwa. Ile ya bomba moja lililokunjwa ni bei nafuu lakini inapoza kidogo kwa ukubwa ule ule. Mpira usipite karibu na exhaust wala kugusa ukingo wa bati. Kila unapopenya bati weka grommet.

Ukimaliza pima mtiririko, hili watu wanaliruka. Chomoa mpira wa kurudi gearbox, elekeza kwenye chupa yenye alama, washa injini ikiwa idle. Unataka takriban lita moja ndani ya sekunde 30. Ikitoka kwa kudondoka, kuna mpira umejikunja, kuna uchafu, au cooler uliyonunua ina njia nyembamba mno. Usiendeshe hivyo.

Gia_Laini

Sahihi kabisa huyo ndugu, hasa la mtiririko. Sasa namalizia upande wa oili maana swali la lita halijajibiwa.

Soma dipstiki ya gia boksi kabla ya kununua chochote, Toyota wanaandika aina ya oili juu yake: Dexron II au III, T-IV, au WS kwa magari mapya zaidi. Fuata hiyo. Oili iliyoandikwa "inafaa gari zote" iache dukani. Nunua lita 16, makopo manne ya lita 4, ukiacha ile ya kupotea. Kumwaga sampu peke yake kunatoa lita 2 hadi 3 hivi. Nyingine yote imelala kwenye torki konveta (ile inayounganisha injini na gia boksi kwa oili), valvu bodi na paipu, na hiyo ndiyo yenye maji. Anayekumwagia sampu na kukuambia kazi imeisha amekuachia zaidi ya nusu ya uchafu.

Mwaga, shusha sampu. Ndani kuna sumaku ndogo. Uji mweusi laini juu yake ni wa kawaida kwa umri wa gari. Vipande vya chuma vinavyong'aa, au vigamba vyeusi vinavyofanana na karatasi iliyochanwa, ni bitana ya klachi inabanduka, na hapo simama usipoteze oili mpya. Filta badilisha, gasketi badilisha. Boliti za sampu ni ndogo, Nm 7 hivi, kaza kwa msalaba na kwa mkono mwepesi. Nyuzi za gia boksi ni za aluminiamu, zikikatika gharama yake inazidi ya rejeta.

Jaza kiasi kile kile kilichotoka. Kisha chomoa mpira unaotoa oili, uelekeze kwenye chupa ya lita 2. Huujui ni upi? Elekeza yote miwili kwenye vyombo, mtu awashe sekunde mbili azime, unaorusha ndio wa kutoa. Kazi hii ni ya watu wawili, mmoja kwenye ufunguo, mwingine kwenye chupa. Washa, ikitoka lita moja na nusu zima mara moja, ongeza lita moja na nusu mpya kupitia bomba la dipstiki. Usisubiri hadi ianze kutoa povu, ina maana pampu inavuta hewa. Kila baada ya mizunguko miwili, breki ikiwa imekanyagwa, pitisha gia R, N, D, 2, L ili oili iliyojificha kwenye valvu itoke. Endelea hadi inayotoka iwe na rangi moja na ya kwenye kopo, ikiwekwa kwenye chupa angavu mbele ya jua. Lita 10 hadi 12 zitakwenda hapo. Ikibaki na ukungu hata kidogo, bado ina maji.

Zilizobaki ni za awamu ya pili. Tembea kilomita 200 hadi 300, mwaga sampu tena ujaze. Maji yaliyonyonywa na bitana yanatoka taratibu kwa joto la kazi, hayatoki yote siku ya kwanza.

Kupima: gari sehemu tambarare, oili ya moto baada ya kutembea kama nusu saa, injini inawaka, pitisha gia zote kutoka P hadi L na kurudi P, futa dipstiki, soma. Iwe kati ya alama mbili za HOT. Alama za COLD ni za kuanzia tu. Usijaze kupita kiasi, oili ikipigwa na gia za ndani inatoa povu, klachi zinateleza, na nyingine inamwagika kwenye pumzio juu ya ekzosi.

Upande wa maji, rudisha thamostati, weka kulanti nusu na maji yasiyo na chumvi nusu. Barafu hatuna Dar, lakini dawa ya kuzuia kutu iko kwenye kulanti, na ndiyo unayoinunua. Kutoa hewa kwenye Noah kunahitaji subira: inua mbele ya gari kwa sentimita 20 au 30, hita zote mbili wazi, mfuniko wa rejeta ukiwa nje, jaza polepole huku ukibinya mpira wa juu, na uiache iwake hadi feni iingie mara mbili. Hita ikitoa hewa ya baridi wakati mshale uko katikati, kuna hewa imebaki.

Kuhusu kuokoka: imezimwa mapema, haina glaikoli, gia zilikuwa hazitelezi, nafasi ni nzuri. Dalili za kinyume ni D kuchelewa kuingia asubuhi kwa zaidi ya sekunde mbili, mtetemo torki konveta inapojifunga kwenye kilomita 60 hadi 80 kwa saa, au taa ya O/D OFF kupepesa yenyewe. Mtetemo ukiwa mdogo subiri awamu ya pili ya oili, mara nyingi unaisha. Kuteleza kukianza, oili nyingine haitasaidia. Gia boksi ifunguliwe, sahani na sili zibadilishwe, na torki konveta isirudishwe bila kukatwa na kusafishwa.

Karakana_Uyole

Oili chafu na maji yenye kulanti usimwage mtaroni, jaza kwenye madumu uwape wanaokusanya oili chakavu. Kulanti ina utamu na ni sumu. Mbwa na watoto wanaikimbilia. Funika beseni hata ukienda kuchukua spana.

Na kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko wa rejeta utazame. Utando mwembamba wa mafuta juu ya maji bado ni mabaki, utoe kwa karatasi ya kufutia na uendelee kuangalia wiki nzima. Ukiongezeka kila siku badala ya kupungua, rudisha kompresa kwenye hiyo rejeta mpya.